Dripu, Kura na Uhai wa Mtoto



Nimepokea barua ya mama mmoja ambaye alimpeleka mwanawe hospitali akiwa na homa kali. Daktari alimweleza kwamba hapo hospitali kuna utafiti unaendelea, na kwamba kama angekubali mtoto ashiriki, aina ya matibabu ingeamuliwa kwa kura. Mama alikataa katakata. Sasa ananiuliza: "Tangu lini mgonjwa akapigiwa kura? Kama daktari anaijua dawa iliyo bora, si ampe mtoto? Na kama haijui, anafanya nini pale hospitali?"

Swali hilo ni la haki, nami sitamcheka mama huyu, maana yaliwahi kunikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkimbiza mpwa wangu hospitali usiku. Mwili ulikuwa unachemka, lakini mikono na miguu ilikuwa ya baridi, na alikuwa akihema kwa shida. Wauguzi walimchoma sindano na kumwekea oksijeni, lakini maji ya mshipani walimpa kidogo kidogo tu. Nikapandwa na hasira. "Sista, mbona hamumfungulii dripu? Mnangoja afe?" Akanijibu kwa upole: "Kaka, mtoto wa namna hii siku hizi hatumjazi maji kwa haraka. Tuachie, tunamwangalia." Sikuridhika hata kidogo. Kwetu mijini, mtu hajahesabiwa kwamba ametibiwa mpaka atundikiwe dripu.

Mtoto alipona. Lakini kupona kwake hakuthibitishi lolote, kwa sababu mtoto mmoja si ushahidi. Ushahidi niliukuta baadaye, nilipouliza yule sista alikuwa amezitoa wapi habari zile.

Utafiti uliowashangaza waganga

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba mtoto mwenye maambukizi makali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, apewe maji mengi mshipani kwa haraka. Hoja ilikuwa inaingia akilini: damu haifiki mikononi na miguuni, basi ongeza maji mwilini ili izunguke. Katika nchi tajiri ndivyo ilivyofanyika. Katika hospitali nyingi za Afrika haikuwa desturi, na wengi walidhani hiyo ni mojawapo ya sababu za watoto wetu kufa.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kilifi, Kenya, walianza kulipima jambo hilo. Utafiti ulipewa jina la FEAST, na ulifanyika katika hospitali sita: moja Kenya, moja Tanzania na nne Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa kwa haraka maji yenye albumini, yaani protini itokanayo na damu. La pili lilipewa kwa haraka maji ya chumvi. La tatu halikupewa maji ya haraka, bali yale ya kawaida ya kidogo kidogo. Watoto wote walipata dawa za maambukizi na za malaria, na huduma nyingine walizohitaji.

Matokeo ya saa 48 za kwanza yalikuwa hivi. Katika kundi la albumini, watoto 1,050, walikufa 111. Katika kundi la maji ya chumvi, watoto 1,047, walikufa 110. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka, watoto 1,044, walikufa 76. Kwa maneno mengine, maji yaliyotolewa kwa nia njema ya kuokoa yaliongeza vifo vitatu hivi katika kila watoto mia. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ilishauri watoto wasiendelee kuingizwa katika utafiti, na matokeo yakatangazwa Mei mwaka huo.

La kutisha zaidi ni hili. Baada ya saa moja, watoto wengi zaidi katika makundi ya maji walionekana wana nafuu: damu ilikuwa inazunguka vizuri kuliko mwanzo. Vifo vilikuja baadaye. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kabisa kwamba maji yanasaidia, kwa sababu ameona kwa macho yake mwenyewe.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Utafiti huo haukuhusu watoto wanaoharisha, wenye utapiamlo mkali wala walioungua moto. Mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji bado anahitaji maji, na upesi. Asije mtu akasema kwamba redio imepiga marufuku dripu.

Kwa nini kura?

Mkulima akipanda mbegu mpya bondeni penye rutuba, na mbegu ya zamani mlimani penye mawe, mavuno hayatamwambia mbegu ipi ni bora. Daktari naye akichagua mwenyewe nani apewe dawa mpya, huenda akawapa walio hoi zaidi kwa kuwahurumia, au wenye nguvu kwa kuwa ana matumaini nao. Kura inachanganya walio hoi na wenye nafuu, matajiri na maskini, katika makundi yote. Tofauti itakayoonekana mwishoni, kama watu ni wengi wa kutosha, inaweza kudaiwa matibabu yenyewe.

Kwa njia hiyo ndivyo kwinini ilivyopoteza kiti chake. Sisi tuliokulia katika malaria tunakumbuka jinsi masikio yalivyokuwa yakivuma. Katika utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2010, watoto wenye malaria kali walipigiwa kura baina ya sindano za kwinini na za artesunati. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafa 297. Waliopewa artesunati walikuwa 2,712, wakafa 230. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba watoto nao watibiwe kwa artesunati.

Wodi ya wazazi nayo ina lake. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Safari hii kura zilipigiwa hospitali, si mgonjwa mmoja mmoja. Katika nusu ya hospitali, mama aliyejifungua aliwekewa chini yake plastiki yenye alama za vipimo, ili damu inayotoka ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho. Ikizidi, mkunga hangoji: anakanda mfuko wa uzazi, anatoa dawa za kuufanya unywee na ya kupunguza kutoka damu, anaweka maji ya mshipani na kumchunguza mama, yote kwa pamoja. Waliofikia hatari kubwa ya kutokwa damu walikuwa 16 katika kila akina mama 1,000. Katika hospitali nyingine walikuwa 43. Dawa hizo zilikuwa zikijulikana tangu zamani. Kilichobadilika ni kupima na kuwahi.

Hofu ina sababu

Wasiwasi wa mama yetu si ujinga. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kuambiwa ukweli, wakanyimwa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba inayojulikana. Huo haukuwa utafiti wa kura, ulikuwa udanganyifu. Ndiyo maana leo utafiti wa haki unatakiwa kupitishwa na kamati ya maadili. Hapa Tanzania kuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mgonjwa au mzazi ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kukataa, na kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Kwa hiyo, mama yangu, jibu langu ni hili. Kura ni halali pale tu ambapo hakuna ajuaye kwa hakika lipi bora. Likishajulikana, kuendelea kupiga kura ni dhambi, na ndiyo maana ule utafiti wa maji ulisimamishwa. Ukiulizwa tena, usiogope kuuliza nawe: Nani ameuruhusu utafiti huu? Mwanangu atapata nini kura ikiangukia huku au kule? Nani anaangalia vifo, na ana uwezo wa kusimamisha? Ukijibiwa vizuri, fikiria. Usipojibiwa, kataa.

Na yule sista wa usiku ule, kama ananisikia, namwomba radhi.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa uzima, tukutane wiki ijayo.