Mimba Ikiharibika, Lini Tutarajie Nyingine?

Leo tunapenda kuzungumza na familia za Kiislamu juu ya jambo linalosemwa kwa kunong'ona, aghalabu uani au jikoni, na mara nyingi lisilosemwa kabisa. Nalo ni mimba iliyoharibika, na matumaini ya kushika nyingine.

Tumelichagua kwa sababu ya mama mmoja wa Vigwaza. Kata hiyo iko kando ya barabara kuu ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze, na wasafiri wengi wanaijua kwa mizani ya malori tu. Darsa la akina mama lilipokwisha, baada ya sala ya Alasiri, mama huyo alibaki nyuma akikunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Ndani ya miaka miwili ameharibikiwa na mimba mbili, ya kwanza ikiwa ya miezi miwili, ya pili ikikaribia mitatu. Ukweni amekwisha kuambiwa kuwa ana chango, mwingine amesema ni jini, na mawifi wameanza kuuliza kaka yao anangoja nini. Yeye alitaka kujua kwanza kama ni ile ndoo ya maji aliyojitwisha siku moja kabla ya damu kuanza.

Hapana, si ndoo. Tunalisema hili mwanzo kwa sababu wanawake wengi wanaishi na hukumu hiyo waliyojihukumu wenyewe. Kati ya mimba 10 zilizokwisha kujulikana, moja hadi mbili huharibika zenyewe, na nyingi kati ya hizo huharibika kabla ya wiki ya 12. Karibu nusu ya zile zinazotoka mapema chanzo chake ni kasoro iliyotokea tangu yai na mbegu vilipokutana: hesabu ya chembe za urithi haikukamilika au imezidi, na kiumbe hakiwezi kukua. Kasoro hiyo hailetwi na ndoo, wala safari ya bodaboda, wala hasira ya mume, wala tendo la ndoa. Umri una sehemu yake. Mwanamke aliyepita miaka 40 huharibikiwa na kiasi cha mimba moja kati ya tatu au zaidi, lakini mama yetu huyu bado ni kijana.

Swali la pili lilikuwa la muda. Ameambiwa angoje miaka miwili ili kizazi kipumzike. Ushauri wa miaka miwili una asili yake, ila umehamishwa kutoka mahali pake. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu, wakapendekeza kwamba aliyejifungua mtoto aliye hai akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na kwamba aliyeharibikiwa au aliyetoa mimba akae angalau miezi sita. Miaka miwili ni ya mzazi anayenyonyesha, na msomaji atakumbuka kuwa Sura ya Al-Baqara nayo imetaja miaka miwili kuwa ukamilifu wa kunyonyesha. Kwa aliyepoteza mimba changa, hata ile miezi sita imeangaliwa upya. Mwaka 2010 watafiti wa Aberdeen, Scotland, walitoa matokeo ya kumbukumbu za wanawake zaidi ya 30,000 ambao mimba yao ya kwanza iliharibika. Walioshika tena kabla ya miezi sita kupita hawakupata hasara kwa haraka yao. Mimba zao zilifika salama zaidi kuliko za waliochelewa.

Hata hivyo Scotland si Vigwaza. Mwanamke wa huko, damu ikimtoka nyingi, hupimwa na kutibiwa mara moja. Wa kwetu anaweza kutoka katika mimba iliyoharibika akiwa na upungufu wa damu, huku malaria ikiwa bado mwilini, akarudi shambani wiki inayofuata. Kwa maoni yetu, kipimo cha kwanza kisiwe kalenda bali hali ya mama mwenyewe. Damu ikiwa imekoma, hedhi moja ya kawaida ikapita, wingi wa damu ukapimwa na kuonekana unatosha, na moyo wake ukawa tayari, hana sababu ya kujizuia miezi na miezi. Akijiona dhaifu, au huzuni ikiwa bado nzito, apumzike, na asiruhusu mtu kumharakisha.

Wako wanaopaswa kungoja kwa amri ya daktari. Aliyepata mimba ya zabibu, ambayo kondo hukua kama vishada pasipo mtoto, asishike mimba mpaka vipimo vya damu vimridhishe daktari, kwa kuwa mabaki yake yanaweza kugeuka saratani. Aliyetungwa mimba nje ya kizazi naye asikilize ushauri wa hospitali aliyotibiwa, na safari nyingine awahi kupimwa mapema, maana tatizo hilo hupenda kurudi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: yai linaweza kupevuka wiki mbili tu baada ya mimba changa kutoka, kabla hata hedhi haijaonekana. Anayetaka kungoja asidhani kwamba kutoona hedhi ni kinga. Kupanga nafasi kati ya mimba na mimba hakuna ubaya kwa wanandoa wanaokubaliana. Katika Hadithi ya Jabir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, masahaba walikuwa wakifanya azli wakati Qur'ani ikiteremka, na wanazuoni wengi wamejengea hapo ruhusa ya njia za muda zisizodhuru. Wapo wanaoichukia azli, nasi hatuwafichi. Lakini ruhusa ndiyo kauli ya walio wengi.

Tugusie fiqhi kidogo, kwa kuwa makosa ni mengi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, damu inayofuata baada ya mimba kutoka ni nifasi hata kama kilichotoka ni pande la damu au la nyama, iwapo wajuzi wa uzazi wamesema kuwa hicho ni asili ya kiumbe. Madhehebu mengine yanasharutisha umbo la mwanadamu liwe limeanza kuonekana. Lenye kuhitaji mkazo ni kwamba siku 40 si lazima zitimie. Damu ikikoma siku ya kumi, mama ataoga, ataswali na atakuwa halali kwa mumewe. Swala zilizompita hazilipi, bali funga ya Ramadhani atailipa. Na kabla damu haijakoma, mume ajizuie. Madaktari wanasema hivyo hivyo kwa sababu yao: mlango wa kizazi unapokuwa bado wazi, vijidudu hupanda kwa urahisi.

Vijidudu hivyo ndivyo adui mkubwa wa uzazi wa baadaye. Mwanamke ambaye mimba yake imetoka yote, au amesafishwa kizazi ipasavyo katika kituo cha afya, uwezo wake wa kuzaa kwa kawaida haupungui. Hatari iko pale mabaki yanapoachwa ndani yakaoza, au vinapotumika vitu visivyo safi. Maambukizi hupanda hadi kwenye mirija, mirija huziba, na yai halipati pa kupita. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa mirija iliyoharibiwa na maambukizi ni chanzo cha ugumba katika Afrika kuliko sehemu nyingine za dunia. Kwa hiyo homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, au damu inayolowanisha pedi mbili ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo si mambo ya kungoja asubuhi. Ikodiwe pikipiki usiku huo huo, na barabara ya lami iko karibu: Mlandizi kuna kituo cha afya, na Kibaha kuna Hospitali ya Tumbi.

Hatuwezi kuliacha la kutoa mimba kwa makusudi, ingawa ni zito kuandikwa katika ukurasa huu. Sheria ya Tanzania inalikataza isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama, na wanazuoni wamekubaliana kuwa baada ya siku 120 ni haramu ila kwa dharura ya namna hiyo. Pamoja na katazo, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 pekee mimba zilizotolewa nchini zilikuwa zaidi ya 400,000. Wengi wa wanawake hao leo ni wake za watu, na baadhi yao wanatafuta mtoto huku wakiogopa kwamba lile la zamani ndilo linalowarudi. Tunawaambia hivi: mlango wa toba uko wazi, na mwenye kusitiriwa na Mola wake hana wajibu wa kujitangaza kwa mume wala kwa mawifi. Lakini daktari ambiwe. Omba kuingia peke yako, mweleze ilikuwa lini, kwa njia gani, na kama uliugua baadaye. Kwa maelezo hayo atajua kama ni picha ya mirija inayotakiwa, au uchunguzi wa makovu ndani ya kizazi, badala ya kukuzungusha miaka mitatu kwa vidonge. Siri hiyo ni amana juu yake. Na anayefika kituoni akivuja damu ana haki ya kutibiwa, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa.

Turudi kwa mama wa Vigwaza. Mimba mbili zimekwisha kumponyoka, na wataalamu wengi siku hizi hawangoji ya tatu ndipo waanze kuchunguza. Tulimshauri aende yeye na mume. Wapimwe kaswende, ambayo huua watoto tumboni na hutibiwa kwa sindano za penisilini, pamoja na virusi vya UKIMWI. Yeye apimwe sukari, shinikizo la damu, tezi la shingo na kundi la damu. Mwenye kundi la Rhesus hasi, mimba iliyozidi wiki 12 ikimharibikia, huhitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72 ili mtoto ajaye asishambuliwe na damu ya mama yake. Kuna pia maradhi ya kinga ya mwili ambayo hugandisha damu kwenye kondo, nayo yana dawa. Wanaopoteza mimba za miezi minne au mitano bila maumivu makubwa waulize habari ya mlango wa kizazi uliolegea, kwani huweza kushonwa. Mara nyingi vipimo vyote hurudi safi. Hiyo nayo ni habari njema: hata baada ya mimba tatu kuharibika, zaidi ya nusu ya wanawake hupata mtoto katika mimba inayofuata.

Malaria tumeiacha kwa makusudi tuiseme peke yake. Vigwaza iko karibu na mto Ruvu, na mbu hawana haja ya kutambulishwa. Malaria huharibu mimba. Mwanamke anayetafuta mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kabla hajashika, na homa ikimpata apimwe siku hiyo. Zamani dawa mseto ya ALu haikupendekezwa kwa miezi mitatu ya kwanza. Tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani limeiruhusu hata katika miezi hiyo. Vile vidonge vya SP vya kinga huanza baada ya wiki ya 13. Vidonge vya foliki asidi vianzwe mwezi mmoja hivi kabla ya kushika mimba, si baada ya tumbo kuonekana. Kombe na dua hatuzipingi kwa mwenye kuziamini, ila mizizi isiyojulikana kipimo chake tunaomba iachwe, hasa kwa mwenye kutarajia kuwa tayari ana mimba.

Na akina baba? Mume wa mama huyu hakuwahi kuulizwa lolote, kama kwamba mtoto ni kazi ya mtu mmoja. Katika nyumba zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu huwa na sehemu ya tatizo upande wa mwanamume, na kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vyote vya mwanamke. Sura ya Ash-Shura imeeleza kuwa Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wa kike, humpa amtakaye wa kiume, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Haikusema mwanamke peke yake. Nabii Zakariya (A.S.) alipomlilia Mola wake akiwa mzee, alieleza udhaifu wa mifupa yake mwenyewe kabla ya kutaja utasa wa mkewe. Wanaume wanaoharakia mke wa pili wangeanza kwa kumpeleka huyu wa kwanza hospitali, na wao wenyewe wakapanga foleni pamoja naye.

Jua lilikuwa limeshuka mama yule alipouliza la mwisho, ambalo tunadhani ndilo lililomzuia kuondoka na wenzake. Ile mimba ya pili, mama yake mzazi aliifunga katika kipande cha kanga nyeupe akaizika chini ya mgomba nyuma ya nyumba, bila ya kuoshwa wala kuswaliwa. Je, walikosea? Tulimjibu kuwa kiumbe ambacho hakijatimiza miezi minne hakioshwi wala hakiswaliwi. Husitiriwa kwa kitambaa na kuzikwa, na hayo ndiyo aliyoyafanya mama yake. Alinyamaza kidogo, akauliza kama anaweza kupanda mchaichai pale. Tukamwambia apande.