Nyigu wa Kununua au Bomba la Dawa?

Ukigusa mche wa nyanya ndani ya kitalu nyumba na vijidudu vyeupe vikaruka kama vumbi, inzi weupe wameshaingia. Wengi hukimbilia duka la pembejeo, kwa kuwa chupa ya dawa inaonekana rahisi. Lakini mayai na watoto wa inzi hujibandika chini ya jani, ambako dawa haifiki vizuri, hivyo utapiga tena na tena. Jumlisha kibarua wa bomba, maji, na siku za kusubiri kuvuna huku nyanya zikiivia mtini. Tena inzi hawa huzoea sumu upesi.

Njia ya pili ni kununua nyigu, Encarsia formosa, asiyefika hata milimita moja na asiyemuuma mtu. Hutaga yai ndani ya mtoto wa inzi. Baada ya siku kama kumi, mtoto wa inzi mweupe wa vitalu huwa mweusi, na hapo unaiona pesa yako ikifanya kazi. Wakulima wa Uingereza walianza kumtumia miaka ya 1920, wakamwacha dawa kama DDT zilipoenea, kisha wakamrudia wadudu walipozoea sumu.

Nyigu huuzwa kwenye kadi. Kwa kipimo cha 3 kwa mita ya mraba, kitalu cha mita 8 kwa 30 kinataka 720 kila wiki, kwa wiki kadhaa. Omba bei ya mzigo wote pamoja na usafiri, maana wakikaa njiani juani umenunua mizoga. Kama unasumbuliwa na inzi wa mihogo na tumbaku, Bemisia, na kwako ni joto, ulizia nyigu mwingine, Eretmocerus. Kwenye hoho na matango ningechukua utitiri Amblyseius swirskii: anakula mayai ya inzi na vithiripi pia, na wakikosekana anaishi kwa chavua. Kwenye nyanya usimnunue. Vinyweleo vya shina humkwamisha.

Hasara kubwa kuliko zote ni kuchanganya nyigu na dawa. Ukipiga pareto ya viwandani leo, masalia yake huua nyigu kwa wiki nyingi.

Kabla ya yote nunua wavu mzuri wa kuzuia wadudu, kwa sababu inzi wachache tu wanatosha kuleta virusi vya kujikunja majani, na nyigu hawezi kuviondoa.

Mwenye shamba la wazi la mihogo asinunue kitu. Encarsia sophia na Eretmocerus mundus wapo tayari Afrika Mashariki, wakifanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Geuza majani uwatafute kabla ya kubeba bomba.