Risasi Zisizoacha Jeraha

Ukuta wa Alexander Hall, bweni la wasichana katika Chuo Kikuu cha Jackson State, jimboni Mississippi, Marekani, una matundu ya risasi mpaka leo. Anayewahi kipindi cha saa mbili asubuhi huyapita, mkoba begani, kama upitavyo mlango wa jirani.

Usiku wa kuamkia 15 Mei 1970, polisi wa mji na askari wa doria wa jimbo waliumiminia risasi umati wa wanafunzi Weusi mbele ya bweni hilo. Ilichukua sekunde 28 tu. Phillip Gibbs, mwanafunzi wa miaka 21 mwenye mke na mtoto, akafa. James Earl Green, 17, hakuwa hata mwanachuo. Alikuwa anakatiza tu kurudi kwao kutoka kazini dukani. Naye akafa. Majeruhi walikuwa 12. Askari wakadai kulikuwa na mdunguaji ghorofani. Tume ya Rais Nixon ikasema ufyatuaji ule haukuwa na sababu, lakini hakuna askari aliyetiwa hatiani.

Mahafali yakafutwa, vyeti vikaenda kwa posta. Wahitimu wa mwaka ule waliandaliwa sherehe yao Mei 2021, wakiwa wazee wa miaka sabini na ushei. Hawa ndio ninaowafikiria zaidi: wale ambao risasi haikuwagusa. Daktari hakuona cha kufunga bandeji, wakaondoka na mambo yao kifuani.

Wanafunzi Weusi wa leo ukuta wanatembea nao mfukoni. Mei 2020 msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alirekodi kwa simu askari wa Minneapolis akimkandamiza George Floyd, mtu Mweusi, shingoni kwa goti zaidi ya dakika tisa, mpaka akafa. Siku tano baadaye, wakati wa maandamano ya kifo hicho mjini Atlanta, wanafunzi wawili wa vyuo vya Morehouse na Spelman walipigwa na polisi kwa bunduki ya umeme na kuburutwa kutoka garini, kamera za televisheni zikiwaka. Aliyesoma nao darasa moja afanyeje, afungue daftari?

Jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti mwaka 2018: polisi wakimuua Mweusi asiye na silaha, afya ya akili ya Weusi wengine wa jimbo alimouawa huzorota katika miezi inayofuata. Ya Wazungu haitikisiki. Basi darasani wamekaa bega kwa bega, habari ni moja, lakini mmoja tu ndiye hakulala.

Vyuo hutuma barua ya pole yenye namba ya mshauri nasaha. Si haba. Ila mtihani uko palepale Ijumaa, na Jumamosi kijana anaendesha gari kwenda kwao, usia wa mama ukimrudia kila akiona taa za buluu kwenye kioo: ukisimamishwa, mikono juu ya usukani, usiingize mkono mfukoni. Mama naye hali chakula kikashuka, simu ipo mezani, mpaka iingie meseji ya neno moja: nimefika.