Maji ya Bomba Huchafukia Njiani

Unafungua bomba na maji yanatoka meupe. Je, ni safi? Macho hayawezi kujibu. Vijidudu vya kipindupindu havionekani.

Maji ya bomba ya Masasi hutoka chemchemi za Mbwinji, kisha husafiri mbali. Yanaweza kuwa safi yanakotoka na yakachafuka njiani. Maji yakikatika, msukumo ndani ya bomba huisha. Kama bomba lina ufa, maji ya dimbwi au ya choo huingia. Maji yakirudi, uchafu huo husukumwa mpaka kwenye ndoo yako.

Ndiyo maana maji hutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu. Klorini ikikutana na uchafu hupungua. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 katika kila lita pale maji yanapochotwa. Ikishuka ghafla, kuna jambo.

Siku hizi miji mingine huweka kihisi ndani ya bomba. Hiki ni chombo kinachopima klorini na tope usiku na mchana, na kupeleka habari kwa mafundi kwa njia ya simu. Hakioni kijidudu. Kinaona dawa inavyopungua. Lakini ni ghali, hakiwezi kuwekwa kila nyumba. Kazi kubwa ni kuchagua mahali. Kikiwekwa kwenye tenki tu, hakitajua ufa ulio mbele. Kwa hiyo huwekwa pia mabomba yanapogawanyika, na kule mwisho kabisa, ambako dawa hufika kidogo.

Sikia yaliyotokea Walkerton, mji mdogo wa Kanada, mwaka 2000. Mvua kubwa ilisomba mavi ya ng'ombe mpaka kwenye kisima cha mji. Kisima hakikuwa na kipimo cha kudumu. Wafanyakazi walikuwa wakiandika daftarini vipimo ambavyo hawakuvipima! Watu 7 walikufa, na zaidi ya 2,000 waliugua. Uchunguzi wa serikali ulisema kipimo cha kudumu kingezuia msiba ule.

Nyumbani huna kihisi. Maji yakirudi baada ya kukatika, yale ya kwanza mwagilia bustani. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote. Na ukiona dimbwi juu ya njia ya bomba wakati mvua haijanyesha, huenda hapo pana ufa. Mwambie fundi wa maji siku ileile.