NONDO ASIYEKULA NGUO

Muhula uliopita, wakati wa prepu, mdudu mmoja alitua juu ya daftari langu. Kabla sijamtazama vyema, jirani yangu alimshindilia kofi, pa! "Nondo huyo," akasema, "atatumalizia sweta." Nami nikabaki na mbawa mbili nyeupe zenye vitone vyekundu na vyeusi. Nilizihifadhi kitabuni. Kesho yake mwalimu wetu wa Biolojia alizitazama, akasema tulimuua bure.

Kumbe jina lake la kitaalamu ni Utetheisa pulchella. Akikunjua mbawa, upana wake ni kama sentimita 3 hadi 4, na mara nyingi huruka hata mchana. Nguo zetu hana haja nazo. Kiwavi wake hula mimea kadha, mojawapo ikiwa ile jamaa ya mitoo iotayo mwituni, ambayo maganda yake yakikauka hulia kama kayamba. Mimea hiyo ina sumu chungu. Kiwavi huila, hadhuriki, na huitunza mwilini hadi apate mbawa. Wale vitone basi si urembo mtupu, ni ilani: nile ujute! Ndugu yake wa Marekani, Utetheisa ornatrix, amechunguzwa sana. Akinaswa, buibui mwenyewe huzikata nyuzi akamwacha aende zake. Tena dume humgawia jike sumu wanapojamiiana, na jike huyapaka mayai ulinzi huo. Mahari ya sumu, bwana!

Sasa tuje kwenye ukoo wake, maana hapo ndipo nilipomwonea huruma jirani yangu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi, bingwa wa kuwapa viumbe majina, alimwingiza mdudu huyu katika kundi la Tinea. Na humo humo ndimo alimomtia nondo wa nguo! Yaani kosa la prepu lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1819 Jacob Hübner, Mjerumani, ndiye aliyeanzisha jenasi ya Utetheisa.

Jamii yake kubwa Waingereza huiita ya nondo simbamarara, kwa ajili ya milia na madoa. Wataalamu nao waliiita Arctiidae, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya dubu, kwani viwavi wengi wa jamii hii wana manyoya tele. Haya, utotoni dubu, ukubwani simbamarara!

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2011 watafiti waliolinganisha jeni nane za nondo wengi waligundua kwamba jamii hii ni tawi tu la ukoo mkubwa zaidi, Erebidae. Arctiidae ikashushwa cheo, ikawa Arctiinae, jamii ndogo. Ukikuta jina la zamani katika kitabu cha maktaba, usimsute mwandishi. Aliandika yaliyojulikana siku zake.

Kwa Kiswahili je? Sisi wote hao twawaita nondo tu, na nondo kwetu ni mharibifu wa nguo. Nilipendekeza chamani tumwite nondo kanga, kwa vile ana madoa kama yule ndege. Jirani yangu akapinga papo hapo: ati mama zetu wakisikia jina hilo watakimbilia kuficha leso zao.