Je, Simu Yaweza Kupima Ugonjwa?

Siku hizi katika Kolwezi na Fungurume, na hata vijijini mbali na barabara kubwa, watu wengi wana simu ya kugusa. Mgonjwa huja hospitalini, huketi mbele ya munganga, naye hutoa simu mfukoni na kusema, "Nimekwisha kujipima. Tansio yangu ni nzuri." Jambo hili linataka kufundishwa vizuri, kwa maana hesabu isiyo ya kweli yaweza kumwua mtu sawa na sumu, tena bila uchungu wa kumwonya.

Kwanza tujue ndani ya simu kuna nini. Kuna kamera, taa, maikrofoni, betri, na kidude kidogo kinachosikia mtikisiko. Betri za simu nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nyingi yake katika udongo wetu wa Lualaba. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliandika habari za mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katika viwanja vya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wenyeji, hasa ya watoto. Basi sisi tunaijua simu tangu ikiwa jiwe. Lakini kulijua jiwe si kukijua chombo.

Simu huhesabuje mapigo ya moyo?

Usiku, funika tochi kwa kidole chako. Utaona kidole kinawaka chekundu. Damu hunywa sehemu ya mwanga. Kila mara moyo unapopiga, damu huzidi kidogo kidoleni, na mwanga unaorudi hupungua. Kisha damu hupungua, na mwanga huongezeka. Kamera ya simu huyaona mabadiliko hayo, na programu huyahesabu. Huu si uongo wala si uchawi. Mwaka 2014 kampuni ya Samsung iliweka kidude cha kazi hii nyuma ya simu yake iitwayo Galaxy S5, na mwaka uleule simu ya Galaxy Note 4 ilipewa pia uwezo wa kupima oksijeni ya damu. Lakini simu ya Galaxy S20 ya mwaka 2020 haikuwa nacho tena. Kwa hiyo simu nyingi tulizo nazo hutumia kamera na taa tu.

Mtu mzima wa afya akiketi kimya, kidole chake kikiwa na joto wala hakitikisiki, hesabu ya mapigo huwa karibu na kweli. Lakini mtazame mgonjwa. Anatetemeka kwa homa. Mikono yake ni baridi. Ametapika, damu haifiki vizuri vidoleni. Huyu ndiye tunayetaka kumpima, naye ndiye ambaye simu hushindwa kumpima.

Tena kazi hii yaweza kufanyika bila betri. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika moja nzima. Mtu mkubwa aliyepumzika huwa na mapigo 60 hata 100. Mtoto huwa na zaidi.

Oksijeni ya damu

Chombo cha kupima oksijeni hutumia mwanga wa namna mbili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Hapa kuna neno linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 2020 waganga wa Michigan, Marekani, walilinganisha chombo hicho cha kidoleni na kipimo cha damu iliyotolewa mshipani. Waliona ya kuwa kwa wagonjwa weusi chombo kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Kilionyesha hesabu nzuri, na mgonjwa alikuwa amepungukiwa. Nacho kilikuwa chombo cha hospitali! Je, simu yenye taa moja ndogo itafanya vizuri zaidi?

Ngozi nene huzuia mwanga pia, na mikono ya mchimbaji twaijua ilivyo. Hata vidole vya baridi, tumbako na rangi ya kucha huharibu kipimo.

Jambo jingine ni la makala. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, wako watu wanaoingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Moshi usioonekana wa makala hushika mahali pa oksijeni ndani ya damu, na chombo cha mwanga hakiwezi kutofautisha. Kitaonyesha hesabu nzuri kwa mtu aliye karibu kufa. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, msitafute simu ya kumpima. Fungueni mlango, mtoeni nje kwenye hewa, mkamlete hospitalini.

Tansio

Hapa ndipo watu hudanganywa zaidi kuliko pote. Ili kupima tansio, munganga hufunga mfuko wa hewa katika mkono wako wa juu, hubana mpaka damu isipite, kisha hulegeza polepole na kusikiliza inapoanza kupita tena. Lazima pawe na kubana. Kamera haibani kitu, wala kioo cha simu hakibani kitu.

Programu moja iitwayo Instant Blood Pressure iliuzwa Marekani toka Juni 2014 hata Julai 2015. Mtu aliweka kidole juu ya kamera, akaishika simu kifuani, kisha akapewa hesabu. Watu wengi sana waliinunua. Waganga wa Johns Hopkins waliijaribu kwa watu 85, wakatangaza matokeo mwaka 2016: katika kila watu kumi wenye tansio ya juu, karibu wanane waliambiwa ya kuwa tansio yao si ya juu. Mwishoni mwa mwaka ule serikali ya Marekani iliishtaki kampuni iliyoiuza.

Sasa fikiri habari za baba mmoja anayemeza vidonge vya tansio kila asubuhi. Vidonge ni vya fedha, na fedha ni kidogo. Simu inamwambia 120 kwa 80. Anasema moyoni, "Nimepona," naye anaacha dawa. Tansio ya juu haiumi. Ataendelea na kazi yake mwezi mmoja, miwili, kisha siku moja mkono na mguu wa upande mmoja unakufa, na mdomo unapinda. Simu haikumpiga, lakini ilimwondolea mlinzi mlangoni.

Ukitaka kuijaribu programu ya namna hii, weka simu juu ya kitambaa chekundu, au juu ya nyanya, uiache ipime. Ikikupa tansio ya nyanya, umekwisha kujua. Saa nyingine za mkononi hukadiria tansio, walakini hata hizo hutaka zilinganishwe kwanza na chombo cha mfuko wa hewa, na kulinganishwa tena baada ya majuma machache. Ikiwa kipimo cha hospitali ni 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku mbalimbali, hiyo ni tansio ya juu. Usiache dawa mpaka munganga amekuambia.

Habari ya sukari ni fupi. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa dawa wa Marekani walionya ya kuwa hawajaruhusu saa wala pete yo yote inayodai kupima sukari yenyewe pasipo kuchoma ngozi. Mgonjwa wa sukari anayetumia sindano za insulini akifuata hesabu ya uongo, aweza kupoteza fahamu siku ileile.

Na homa? Joto linaloonyeshwa na simu nyingi ni joto la betri, au la hali ya hewa ya mji. Simu ya Google iitwayo Pixel 8 Pro, ya mwaka 2023, ina kidude cha kupima joto, na mwaka 2024 iliruhusiwa Marekani kwa joto la mwili. Simu yako labda si hiyo. Mama, mtoto wako akiwaka moto, mlete achomwe kidole na kupimwa malaria siku hiyohiyo.

Kuhesabu hatua simu yaweza, ijapokuwa barabara mbovu juu ya pikipiki yaweza kukuongezea hatua ambazo miguu yako haikutembea. Hilo halimwui mtu.

Je, simu yenyewe yaleta hatari?

Wengi huuliza kama mawimbi ya simu huleta kansa ya ubongo. Mwaka 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu lilipata taarifa ya wataalamu liliowaomba kuchunguza utafiti wa miaka mingi. Hawakuona ya kuwa kansa hiyo imezidi kwa watumiaji wa simu. Hofu yetu na iwe mahali pengine, yaani katika betri. Mwaka 2016 Samsung ilirudisha simu zake za Galaxy Note 7, karibu milioni mbili na nusu, kwa kuwa betri ziliwaka moto. Zilikuwa simu mpya za bei kubwa. Basi betri ya bei ndogo isiyojulikana imetoka wapi?

Usichaji simu chini ya mto wala kitandani alalapo mtoto. Betri iliyovimba usiitoboe, usiibane, usiichaji tena. Waya wa chaji ulio katika umeme usiuache sakafuni, kwa maana mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani. Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Simu ina chombo kimoja ambacho hakidanganyi, nacho ni saa. Mtoto akikohoa, mwache atulie, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima ya saa ya simu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Toka miezi miwili hata kumi na mmoja, ni 50 au zaidi. Toka mwaka mmoja mpaka kufikia mitano, ni 40 au zaidi. Huenda ni ugonjwa wa mapafu, naye ataka dawa leo. Lakini ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, usimalize hata dakika ile. Mchukue, uje.