Sayansi: Nani achague chembe za virusi, jicho la mtu ao ordinatere?

Picha 1.000 zisizo na kitu, vidoa vya ovyo tu, zilipewa ordinatere pamoja na sura ya Einstein kama mfano wa kufuata. Ordinatere ikazipanga, ikazijumlisha, na Einstein akatokea. Jaribio hilo lililotangazwa mwaka 2009 bado linawasumbua wanaotumia mikroskopi ya elektroni.

Watafiti hao hugandisha protini ao virusi katika barafu nyembamba sana, kisha hupiga picha kwa elektroni chache, maana zikizidi zinaharibu chembe. Picha inatoka na ukungu. Ili kupata umbo lililo wazi, inabidi kujumlisha maelfu ya chembe, mara nyingi mamia ya maelfu. Lakini nani azichague?

Mtu anayechagua kwa mkono anachoka. Tena, bila kujua, anapendelea chembe zinazoonekana vizuri na kuacha zilizolala upande mwingine, na umbo linaharibika. Ordinatere haichoki, shida ni kwamba ikipewa mfano, inauona hata mahali pasipo na kitu.

Mwaka 2013 ubishi huo uligusa sida. Kundi moja la Marekani lilitangaza umbo la protini ambayo virusi vya sida hutumia kuingia katika seli, ile ile inayolengwa na watafutaji wa chanjo. Richard Henderson wa Cambridge, Uingereza, akajibu katika jarida lile lile, PNAS: hakuna ushahidi kwamba picha hizo zina protini, ni Einstein mwingine. Wengine wawili wakaandika vilevile. Waandishi walijitetea, lakini mwaka huo huo makundi mengine yakatoa umbo tofauti, kwa njia mbili zilizokubaliana. Henderson alipata Nobel ya kemia mwaka 2017 pamoja na Jacques Dubochet na Joachim Frank.

Leo programu kama Topaz na crYOLO hujifunza kutokana na chembe chache alizoonyesha mtu, kisha zinaendelea zenyewe. Njia hiyo ya kuchanganya inaonekana kuwa na busara zaidi, mradi mtu afungue picha kadhaa na kuangalia nini kimezungushiwa duara.

Kuna pia kipimo ambacho Henderson anakisisitiza: kuinamisha sampuli kidogo na kuipiga picha tena. Chembe ya kweli itageuka kwa pembe ile ile. Ukungu hautageuka.